Homa ilikuwa inatoka mu maziwa yetu wenyewe: yenye ilinipata mimi mutengenezaji wa fromage huku Karuba

Wakuu, salamu toka huku milima ya Masisi.

Mimi ni muntu wa kusoma nyuzi za wengine na kutoka kimya, sijaandikaka. Lakini hii yenye ilipita mu nyumba yangu ilinishitua sana, na mupaka leo roho haijatulia vizuri. Nitaieleza vile ilikuwa, sitaongeza chumvi. Majina tu njo nimebadilisha.

Swahili yangu ni ya huku kwetu Kivu, wenye muko Dar na Nairobi mutanivumilia.

Niko naishi karibu na Karuba. Mbele nilikuwa mwalimu wa primaire upande wa Walikale, na ni kule nilioa bibi yangu, Mama Neema. Wenye wanajua ualimu wa huku Congo hawataniuliza juu ya nini niliuacha. Mushahara unakuja siku unajisikia kuja, na tumbo ya mutoto haingojeke.

Njo tukarudi kwetu Masisi, nikaanza kutengeneza fromage, ile wengine munaita jibini, nyumbani. Huku ni baridi, majani iko, ngombe iko, kwa hiyo maziwa haikosekane. Nilikuwa na ngombe yangu mbili. Maziwa ingine nilinunua kwa kaka yangu mukubwa, Yaya Bahati, mwenye iko na ngombe mingi ku kilima ya ng'ambo.

Kwa mwenye hajui hii kazi: unapasha maziwa kidogo tu, ikuwe ya uvuguvugu. Unatia dawa ya kugandisha. Inashikana, unaikata, unakamua maji yake, unatia mu moule, kile kibati ya kuipa umbo, unafinya na jiwe juu. Kisha chumvi. Kisha unapanga ku mbao mu chumba ya baridi, na kila siku unageuza mupaka ikauke na kupata ngozi ya njano.

Kazi ni ndogo kwa kuieleza, lakini ilitulisha. Hatukukuwa matajiri, lakini hatukuomba muntu.

Kichwa ya makuta, ile pesa ya nyumba, alikuwa bibi yangu. Mimi nilijua maziwa, yeye alijua hesabu. Makuta ya fromage ikiingia, aliigawanya palepale mbele yangu ku meza: ya kununua maziwa, hiyo haiguswe hata mutoto analia, ya masomo, ya kula, na kidogo ya matatizo ya gafula. Mimi nilikuwa nanung'unika, lakini vile njo tulisimama.

Na afya, wakuu, tulijiona sisi njo tunajua. Pombe, hapana. Soda ya sukari, mara moja moja ku sikukuu. Kila asubuhi, mbele ya chai, kila muntu mu nyumba kikombe kikubwa ya maziwa yenye imetoka sasa hivi ku ngombe, ingali na moto wake. Ikibaki, bibi anaiacha igande ikuwe mashanza, tunakula na viazi jioni. Zamani mu darasa nilikuwa nafundisha watoto kabisa: maziwa ni afya. Nilikuwa nawaambia majirani kama mutoto yangu hatajua munganga.

Sasa musikilize.

Ngombe yangu mumoja akatupa mimba. Mimba ilikuwa karibu kufika. Nilimukuta asubuhi mu majani, amesimama, ndama nusu imetoka na nusu imebaki. Nikakunja mikono ya shati, nikavuta. Na mikono tupu. Nikazika ile ndama, nikanawa ku mutaro, nikaenda kukamua yule mwingine. Huku kwetu hakuna mwenye angefanya tofauti.

Nyuma ya pale, mu majira ya mvua, homa ikaanza kwangu. Haikukuwa homa ya kukulalisha kabisa. Asubuhi naamuka mzima, nafanya kazi. Jioni baridi inaniingia mu mifupa, kisha jasho, jasho mupaka bibi anabadilisha shuka. Mugongo kama muntu amenipiga na muchi. Nikanunua dawa ya malaria ku pharmacie. Ikapungua. Nikasema imeisha.

Ikarudi. Nikanunua tena.

Kisha bibi yangu. Kisha Neema, binti yetu wa pekee, mwenye alikuwa anakimbia ile kilima ya masomo kama mbuzi. Magoti ikamuvimba. Akaanza kushuka kilima akijishikiza ku ukuta za watu, kama mumama muzee.

Makuta ilienda vile maji inaenda ku mteremko. Ile ya matatizo ya gafula iliisha kwanza. Kisha tukagusa ya masomo. Kisha, siku bibi yangu alitoa ile ya kununua maziwa na kunipa nikanunue vidonge, alinipa bila kuniangalia. Niliona kama nyumba imeanza kuanguka.

Watu wakaanza kusema. Wengine wakasema ni karuho, ile sumu yenye huku wanasema jirani anakutilia mu kinywaji. Wengine wakasema tufunge na kuomba. Tulifunga, tuliomba. Homa ilikuwa inakuja tu.

Mama Neema alikuwa na mimba, na mu ile hali njo mimba ikatoka.

Hapo sitasema mengi. Tulikuwa tumeshachagua jina.

Mama ya bibi yangu, tunamuita Koko, akatoka Walikale kuja kumuangalia. Njia ilikuwa mubaya, pikipiki ilianguka naye mu matope, lakini alifika na bidon ya mawese, mikungu ya ndizi na uyoga ya kukausha. Alitukuta sisi wote tumelala kama magunia. Alivua kitambaa ya kichwa, akawasha moto.

Koko ni muntu wa pori. Amelima pori, bwana yake alikuwa muwindaji, ngombe aliiona mara ya kwanza siku ya harusi yetu. Asubuhi ya kwanza bibi yangu akamuletea kikombe ya maziwa.

Koko akakiangalia.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, Mama. Inatia nguvu."

"Hii ni ya mutoto wa ngombe," Koko akasema. "Mimi munipe chai ya majani."

Tulicheka. Kila asubuhi tulimujaribu, kila asubuhi alikataa. Mashanza, fromage, vyote alisukuma mbali. Alisema harufu yake inamurudisha nyuma. Kwa Koko ilikuwa tu chai yake, ndizi yake, sombe yake ya majani ya muhogo, na mawese.

Siku Neema alishindwa kabisa kusimama, nilimubeba ku pikipiki mupaka ku centre de santé, kile kituo ya afya. Muforma, ni kusema muuguzi, mwenye alitupokea alikuwa dada mumoja kijana. Akapima malaria. Hakuna. Nikamuambia basi anipe ile dawa ya kila siku, nirudi, maziwa inaningoja.

Akakataa. Akaweka kalamu chini, akaniuliza: "Papa, ku nyumba nani anagonjwa?"

"Sisi wote."

"Wote wote?"

"Ni mama mukwe tu njo muzima. Ametoka Walikale."

"Analala wapi?"

"Kwetu. Mu chumba moja na huyu mutoto."

"Anakula nini yenye nyinyi hamukule?"

Nikamuambia hakuna, tunakula mu sufuria moja. Na ni kweli njo vile nilikuwa naamini, maziwa sikuihesabu kama chakula. Neema alikuwa amelala ku banc, macho imefungwa. Akasema polepole:

"Koko hakunywake maziwa."

Wakuu, yule muforma aligeuka akamuangalia mutoto, kisha akaniangalia mimi.

"Munachemsha maziwa yenu?"

Nikacheka. Kweli nilicheka. Nikamuambia mimi ni muntu wa fromage, maziwa ya kuchemsha haitoe fromage muzuri, kila muntu anajua.

Hakucheka. "Kuna ngombe ametupa mimba?"

Nikamuambia ndiyo, na nikamuonyesha na mikono vile nilivuta. Aliangalia mikono yangu, na sura yake ikabadilika. Ni pale njo baridi ilinishika, na haikukuwa ya homa.

Alituandikia twende ku hopitali yenye iko na kipimo cha damu ya hii ugonjwa. Tulienda sote, mimi, bibi na Neema. Damu ikatolewa. Tukangojea ku banc ya inje, watu wa kila namna wanapita, na mimi nilikuwa bado najiambia kama yule dada ni kijana sana, anaweza kukosea.

Docteur akatuita. Sisi wote tulikuwa nayo. Akasema inaitwa brucellose. Inakaa mu ngombe, inamutoa mimba, inapita mu maziwa mabichi na mu damu ya kuzaa, inaingia mu muntu. Akasema watu mingi huku wanaibeba na kunywa dawa ya malaria, wanaona nafuu kidogo, inarudi.

Nilikuwa nasikia maneno lakini kichwa haikubali. Maziwa. Ile yenye nililisha nayo mutoto na mikono yangu. Ile yenye niliuza.

Bibi yangu alivuta kiti karibu. Kisha akauliza, sauti ya chini:

"Docteur, na ile mimba yangu?"

Docteur akamugeukia. Akasema hawezi kuapa kama ni hiyo, mimba inatoka kwa sababu mingi. Lakini inaweza kuwa.

Mama Neema akasimama, akatoka. Nilimukuta inje ameegemeza paji ya uso ku ukuta. Hakulia. Nilitaka kumushika bega, nikaona mikono yangu, nikairudisha. Tulirudi nyumbani hivyo hivyo.

Sasa munafikiri ile njo ilikuwa mwisho. Hapana.

Nyumbani chumba ilikuwa imejaa fromage. Zimekauka vizuri, ngozi inangaa. Mama Sifa, mufanyabiashara wa Shasha mwenye anatununulia na kuuza mupaka Goma, alikuwa anakuja kuzibeba. Dawa ya watu watatu ilikuwa inangojea kulipwa. Masomo inangojea. Na makuta yote yenye tulikuwa nayo ku dunia ilikuwa ile chumba.

Nikamuambia bibi yangu: "Tuuze hizi za mwisho. Kisha tutabadilisha kazi."

Akanijibu akiendelea kukunja nguo: "Ku Goma kuna mwanamuke iko na mimba. Atakula."

"Hatumujue."

"Mimi namujua," akasema. "Nilikuwa yeye."

Nikaacha hiyo neno ya kuuza.

Nikaenda kwa Yaya Bahati kumueleza, sababu maziwa nyingi ilitoka kwake. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nilivyoanza kusema, sura ikafunga. Akasema baba yetu alikunywa hii maziwa, babu alikunywa. Akasema ile dada muforma anataka tu kutuuzisha dawa. Nikamuomba aite veterinaire apime ngombe.

"Ukisema hii neno ku soko," akaniambia, "umeniua mimi na watoto yangu. Nani atanunua?"

Nilirudi nyumbani. Na haki ya Mungu, sikuweza kumukasirikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesema karibu vile vile kwa bibi yangu.

Siku Mama Sifa alikuja, alikuwa na furaha, njia ilikuwa imefunguka, alisema bei iko muzuri Goma. Bibi yangu alimukalisha ku kiti, akamupa chai. Kisha akamuambia yote. Mimi nilisimama ku mulango kama mutoto mwenye amevunja kintu.

Nilingojea kelele. Nilingojea aseme tumemuharibia jina.

Mama Sifa aliweka kikombe chini polepole.

"Ile jasho," akauliza, "inakuja jioni?"

Bibi yangu akasema ndiyo.

"Na kiuno? Inauma kama unavunjika?"

"Ndiyo."

Mama Sifa akatuambia kama yeye iko nakunywa dawa ya rheumatisme, ile ya viungo kuuma, kwa muda murefu, na pharmacie imemumaliza. Kisha akasema neno yenye sitasahau. Akasema kila client mupya akiogopa, yeye anakata kipande, anakula mbele yake, ili aamini kama ni kintu safi. Kila safari. Na ile yenye inabaki ku kisu anawapelekea watoto yake Shasha.

Alikaa pale mikono mu mapaja. Tulikuwa watatu wagonjwa mu chumba moja, na ku ukuta fromage zimepangwa muzuri sana.

Mama Sifa alienda kupimisha. Alikuwa nayo. Mutoto yake mumoja pia.

Fromage tulizizika. Nyuma ya nyumba, shimo refu, tukamwaga majivu juu. Mimi na bibi hatukukuwa na nguvu, kila kidogo tunaketi. Mwenye alichimba ni Koko. Alifunga kikwembe ku kiuno, akachimba shimo yote kama muntu anachimba muhogo, huku anaimba wimbo ya kanisa. Mimi nilikuwa natupa moja moja, na kila moja niliyotupa nilijua ni siku ngapi niliigeuza.

Veterinaire alikuja kwangu. Yule ngombe mwenye alitupa mimba alikuwa na ugonjwa, alichinjwa. Mwingine alikuwa safi. Kumuuza yule mugonjwa ku soko ningepata makuta mingi zaidi, sababu kwa macho alikuwa ananona. Lakini ni nani angemununua, na watoto ya nani wangekunywa?

Makuta ya dawa ilitoka mahali sikuwaza. Bibi yangu iko mu likelemba ya wamama wa kanisa, wanachanga kila wiki na mumoja anabeba yote. Zamu yake ilikuwa bado mbali. Aliwaeleza, bila kuficha kintu. Mwenye zamu akasema, bebeni muende mukanywe dawa, mimi nitangoja. Wakuu, ile siku nililia, mimi mwanaume muzima.

Dawa ni ya wiki mingi, vidonge ya namna mbili. Ugumu yake ni hii: unapona kabla ya dawa kuisha, na unataka kuacha ili uokoe makuta. Muforma alitukataza kabisa. Koko alikuwa anakaa mbele ya kila muntu mupaka ameze. Neema ameanza tena kupanda kilima. Anatembea, hajakimbia bado. Mimi mugongo ingali inanikumbusha baridi ikiwa nyingi.

Fromage tumeanza tena, na maziwa ya kuchemsha. Mwanzo ilikuwa aibu tupu. Ya kwanza haikushika, ilikuwa kama uji. Ya pili ilipasuka ilipokauka. Polepole tukajua kuiacha ipoe vizuri mbele ya kutia dawa, na kuongeza dawa kidogo. Sasa inashika. Watu wengine wanasema haina ile ladha ya zamani, wakatuacha. Ni kweli, haina. Mama Sifa anaiuza hivyo hivyo, anawaambia wateja mbele wanunue: hii imechemshwa, na anawaeleza juu ya nini.

Yenye nilijifunza niseme kwa ufupi, sababu wengine munatafuta hiyo.

Ukijiajiri, mwili yako njo capital ya kwanza. Mimi nilikuwa na bibi mwenye anapanga makuta vizuri kuliko comptable wa mahesabu, na hata vile tulianguka, sababu tulikuwa tunachunga makuta na hatukuchunga kikombe. Sasa kuni ya kuchemsha maziwa iko mu hesabu ya nyumba kama vile unga na chumvi. Haitolewe ku yenye imebaki.

Pili, homa yenye inaenda na kurudi, musiifuate na vidonge ya kununua tu. Pimisha. Makuta yote yenye nilimwaga ku pharmacie ingelipa kile kipimo mara mingi sana. Na mwenye anafuga, ngombe akitupa mimba, usiguse na mikono tupu, ita veterinaire.

Lakini sikuandika hii uzi kwa kutoa somo tu. Niko na shida, nataka shauri yenu.

Yaya Bahati hajapimisha ngombe mupaka leo. Kila asubuhi maziwa yake inashuka mu bidon, mabichi, watoto wa masomo wanakunywa pale ku njia. Hatusalimiane tena. Ku kanisa anakaa upande ingine.

Leo, mbele ya kuandika, bibi ya kaka yangu alikuja kwetu. Hakuingia, alisimama ku mulango, mutoto yake mudogo ku mugongo. Akamuita Mama Neema pembeni, akamuuliza: ile dawa mulikunywa, inaitwaje? Bibi yangu akagusa yule mutoto ku shingo. Alikuwa amelowana jasho, na jua ilikuwa inashuka.

Amekubali kesho nimupeleke kupimisha, yeye na mutoto. Ila amesema bwana yake asijue.

Nitamupeleka, hiyo nimeshakata. Lakini nikirudi na majibu mukononi, nisimame mbele ya kaka yangu namna gani? Nimuambie mimi, ao nimuachie bibi yake? Na wale watoto wa ku njia, nani atawaambia?

Mwenye amepita mu jambo kama hii na ndugu yake wa damu, aandike hapa chini. Nitasoma yote, hata ya kunikemea.